Shahada ya elimu masafa: mwajiri anaangalia nini hasa, na watu wanakwama wapi

#1 Masjala Kuu

Wakuu, habarini za jioni.

Swali la kama shahada ya Chuo Kikuu Huria, inayosomwa kwa masafa yaani ukiwa mbali na darasa, inaheshimika kazini limeulizwa humu mara nyingi, na majibu mengi huwa ya ushabiki. Huyu anasema ni karatasi tu, yule anasema hakuna kama hiyo. Nafungua uzi huu tulijibu kwa vielelezo. Kuna watu wanalipa ada ya miaka minne kwenye mlango uliofungwa tangu siku ya kwanza, na kuna wengine wanaikimbia njia ambayo haina kasoro yoyote.

Tuanze na sheria. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, inakipima kwa rula ile ile inayovipimia vyuo vya darasani kama Mlimani, Mzumbe na SUA: shahada ya kwanza ni ngazi ya 8, na programu ya miaka mitatu lazima ifikishe angalau krediti 360. Hakuna ngazi ya 8 ya darasani na nyingine ya masafa. Ndiyo maana ukisoma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira utaona wanataka shahada ya fani fulani kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali, basi. Ukiitwa kwenye usaili wa mchujo unakaa na wenzako mnajibu karatasi moja, na anayesahihisha anasahihisha majibu.

Wanakokwama watu ni kwingine. Kubwa kuliko yote ni sifa za kuingilia. Shahada inasimama juu ya cheti cha kidato cha nne. Wa kidato cha sita anatakiwa awe na principal mbili (masomo mawili aliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla isiyopungua pointi 4, ambapo E ni 1, D ni 2, C ni 3 (waliomaliza 2014 na 2015 wana kipimo chao, C mbili). Wa stashahada anatakiwa awe na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 na namba ya uhakiki ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na stashahada, ile tunayoiita AVN. Chuo kikishakudahili kinapeleka jina lako TCU likathibitishwe. Hapo ndipo mambo yanapoharibika kimyakimya: aliyerudia mtihani anajaza namba moja ya mtihani wakati alama zake ziko kwenye namba mbili, chuo cha stashahada hakikuwasilisha matokeo yake, AVN haitoki, au mtu anaanza masomo huku akiambiwa sifa zitarekebishwa mbele ya safari. Hazirekebishwi. Unakuja kugundua unapotaka kuhitimu, au mbaya zaidi, mwajiri anapohakiki.

Tusisahau uhakiki wa vyeti wa 2017. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na tangu hapo afisa utumishi yeyote makini anaanzia chini kwenda juu: kidato cha nne, sita au stashahada, ndipo shahada. Kinachomtia hofu mwajiri ni cheti kisicho na mizizi.

La pili ni kuchanganya chuo na programu. Chuo kinaweza kuwa na ithibati kamili huku programu unayotaka haijaidhinishwa. Kabla hujalipa hata ada ya fomu, ingia kwenye tovuti ya TCU, fungua mwongozo wa udahili wa mwaka huo, tafuta jina la programu neno kwa neno, usome na masharti yake. Usitumie mwongozo wa mwaka juzi, masharti hubadilika. Kisha hifadhi ukurasa huo, una tarehe na una thamani.

Mengine tujadili. Wenye uzoefu wa utumishi, vyuo na bodi, karibuni.

#2 Chaki na Ubao

Asante mkuu. Naomba ufafanuzi kwa walimu wa msingi wenye cheti cha daraja la IIIA. Wengi wanasoma shahada ya ualimu kwa masafa, wanamaliza, lakini mshahara unabaki palepale mwaka, miaka miwili. Tatizo ni shahada?

#3 Ikama

Tatizo si shahada hata kidogo. Ni utaratibu, na wengi hawaambiwi mapema.

Kwenye ngazi za mishahara ya walimu, mwalimu mwenye cheti yuko TGTS B, wa stashahada C, wa shahada D. Siku ya mahafali haikuhamishi kutoka B kwenda D. Unahamishwa na mwajiri na mamlaka ya ajira yako, ambayo kwa walimu ni Tume ya Utumishi wa Walimu, na wanaweza kufanya hivyo pale tu nafasi ipo kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na imetengewa fedha kwenye bajeti. Ikama hupangwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza, yaani kabla ya Julai. Mtu akileta vyeti Agosti bila taarifa ya awali, hayumo kwenye hesabu ya mwaka huo, na mwaka unaofuata atashindania nafasi na wenzake.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Kabla ya kuanza masomo, andika barua ya kuomba ruhusa kupitia kwa mkuu wa shule, ukitaja chuo, programu, muda na kwamba unasoma kwa masafa ukiwa kituoni. Omba uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ibaki kwako. Wengi hudhani kwa kuwa hawaondoki kazini, ruhusa haiwahusu; inawahusu. Ukiingia mwaka wa mwisho, andika barua ya pili kuarifu mwezi unaotarajia kumaliza ili afisa utumishi akuweke kwenye makisio. Matokeo yakitoka, peleka nakala zilizothibitishwa pamoja na ile barua ya ruhusa.

Na fani iwe ya kada yako. Mwalimu aliyesoma sosholojia ana shahada halali kabisa, lakini muundo wa utumishi wa walimu hauna pa kumweka mpaka aongeze stashahada ya uzamili ya elimu. Anayetaka sekondari ahakikishe ana masomo mawili ya kufundishia.

#4 Mtaa wa Samora

Naheshimu maelezo, ila mmejikita serikalini. Sekta binafsi ni habari nyingine. Benki, kampuni za ukaguzi na mashirika ya kimataifa yana macho na majina ya vyuo. Vijana wa Huria wanaachwa kwenye mchujo wa wasifu kabla hawajafungua mdomo. Tusiwadanganye watu.

#5 Meza ya Usaili

Mtaa wa Samora, umesema kweli nusu, na hiyo nusu ichimbwe.

Anayechuja wasifu 400 kwa nafasi mbili hana muda wa kumchunguza mtu. Anatafuta dalili za haraka: umri, mwaka wa kuhitimu, mafunzo kwa vitendo, mdhamini anayejulikana. Kijana wa miaka 24 aliyesoma masafa bila kazi yoyote pembeni hana hata moja zaidi ya shahada. Mwenzake wa darasani alipata mafunzo ya vitendo ya wiki kadhaa kila mwaka kwa barua ya chuo, akajuana na watu, akapata mdhamini. Pengo hilo ni la kweli na chuo cha masafa hakilizibi chenyewe.

Mgeuzie mtu wa miaka 33, msaidizi wa ghala aliyesoma shahada ya ununuzi na ugavi kwa miaka mitano huku akipanda kutoka msaidizi hadi msimamizi. Wasifu wake unajieleza wenyewe. Hapo masafa ni sifa ya ziada, maana mwajiri anamwona mtu aliyebeba mizigo miwili bila kuangusha hata mmoja.

Kwa hiyo wasifu upange hivyo. Miaka ya kazi na ya masomo ionekane sambamba, mstari wa kazi juu, wa shahada chini yake, tarehe zikiingiliana. Jina la chuo liandike kama lilivyo kwenye cheti. Kulificha au kulifupisha kijanja ni kosa, kwa sababu likigundulika mwajiri anajiuliza umeficha na lipi lingine. Chini ya shahada weka kichwa cha utafiti wako na kazi mbili zinazoonekana: ripoti uliyoandika, mfumo wa hesabu uliojenga kwa Excel, mchanganuo wa gharama uliotumika kweli ofisini.

Swali litakalokuja kwenye usaili ni umejifunzaje bila mwalimu mbele yako. Usijibu kwa kujitetea. Chagua kozi moja ngumu, eleza ulivyoipangia saa, ulivyokwama kwenye mada ipi, ulimtafuta nani, ukaitatua vipi. Dakika mbili zinatosha.

Kijana asiye na ajira anayetaka masafa, ushauri wangu ni mmoja: tafuta kwanza sehemu ya kujitolea, hata siku mbili kwa wiki, ndipo ulipe ada.

#6 Kituo cha Mkoa

Niongeze upande wa masomo yenyewe, maana heshima ya shahada inaanzia kwenye GPA, na GPA ya masafa inaharibiwa na hesabu mbaya ya muda.

Krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Krediti 360 ni saa 3,600. Sasa chukua mfanyakazi anayesoma saa 2 kila usiku siku tano, na saa 5 Jumamosi. Ni saa 15 kwa wiki. Ukiondoa wiki nne za mwaka kwa misiba, harusi na maradhi, zinabaki wiki 48, sawa na saa 720. Gawanya: miaka 5. Anayetaka kumaliza kwa miaka 3 anahitaji saa 25 kila wiki bila kukosa, na mwenye kazi ya kutwa na familia hawezi kuzipata. Lakini anajisajili kozi zote za mwaka kama wa darasani, anaingia kwenye mtihani akiwa amesoma madesa tu (muhtasari wa kuazima), anasapu (anarudia mitihani) nusu yake, na GPA inashuka hadi 2.4.

Hiyo 2.4 itamsumbua muda mrefu. Kwenye kipimo chetu, 4.4 kwenda juu ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 la pili la chini, 2.0 hadi 2.6 ni ufaulu tu. Chini ya 2.7 milango mingi ya uzamili inakuwa migumu, na anayeota kufundisha chuo kikuu ajue nafasi za umma hudai 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili. Afadhali kozi nne zenye B+ kuliko nane zenye C.

Kwa kozi ya krediti 10 unazo saa 100. Zigawe hivi: saa 50 kusoma moduli na kuandika muhtasari wako kwa mkono, saa 20 za kazi za kupimwa, saa 30 za kujibu mitihani ya nyuma ukiwa umejitegea saa. Hizi 30 ndizo watu wanazoziruka. Mtu anaielewa mada vizuri kabisa lakini hajawahi kuandika insha nne kwa saa tatu, mkono unachoka kwenye swali la tatu.

Vipindi vya ana kwa ana msivikwepe kwa sababu ya nauli. Pale ndipo mhadhiri anapoonyesha swali linavyotakiwa kujibiwa, na pale ndipo unapompata mtu wa kukudhamini baadaye. Mdhamini wa taaluma ndiye anayekosekana kwenye wasifu nyingi za masafa.

Na malipo: kontrol namba, ile namba ya kulipia ada, ina tarehe ya mwisho. Ukilipa, ingia SARIS, mfumo wa chuo wa taarifa za wanafunzi, uone imesoma. Isiposoma, peleka risiti kituoni wiki hiyo hiyo. Usingoje wiki ya mitihani, foleni ya wenye tatizo hilo huwa ndefu.

#7 Nyota ya Asubuhi

Na hivi vyuo vya nje vya mtandaoni? Kuna matangazo mengi ya India, Uingereza na Marekani, ada nafuu, unamaliza ukiwa Mbeya.

#8 Masjala Kuu

Vingine ni vizuri sana. The Open University ya Uingereza ina hati ya kifalme tangu 1969. UNISA ya Afrika Kusini inafundisha kwa masafa tangu 1946, na ndiko Nelson Mandela alikomalizia shahada yake ya sheria mwaka 1989. Ila hapa kazi ya kukagua ni yako, kwa hatua mbili.

Kwanza, mdhibiti wa nchi husika. Kila nchi ina wake: India ni UGC, Afrika Kusini ni CHE na SAQA, Kenya ni CUE, Marekani ni wakala wa ithibati anayetambuliwa na Wizara ya Elimu yao au na CHEA. India ina jambo la pekee: kibali cha masafa na mtandaoni hutolewa kwa programu na kwa kipindi cha masomo. Chuo kinaweza kuwa na kibali mwaka huu na mwakani kisiwe nacho. Halafu kanuni zao za 2020 zinakataza kabisa kutoa kwa masafa fani kama uhandisi, udaktari, uuguzi, famasia, usanifu majengo na sheria. Wakala akikuuzia shahada ya sheria ya masafa kutoka India, hapo huna haja ya kuuliza zaidi.

Pili, TCU. Shahada ya nje hutambuliwa kwa maombi: cheti, matokeo ya kila somo, na vyeti ulivyoingilia. Vikiwa kwa lugha nyingine unaweka na tafsiri rasmi. Matangazo ya ajira za umma huwataka waliosoma nje wawe na uthibitisho huo tayari. Waandikie TCU kabla ya kujisajili, ukitaja chuo, programu na njia ya kusoma, uhifadhi jibu lao.

Chuo kinachokupa shahada kwa uzoefu wa maisha ndani ya wiki sita, au udaktari wa heshima kwa kulipia, ni karatasi ya kukuondolea kazi.

#9 Pwani Mombasa

Salamu kutoka Kenya. Huku hofu hii imepungua sana upande wa ualimu, kwa vile walimu wamezoea kusoma wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba huku wakiendelea kufundisha. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, pale Konza, kilipewa hati tarehe 3 Agosti 2023, kwa hiyo ni cha umma kama vingine. Kinachotuumiza huku ni watu kujiunga na chuo cha nje bila kuuliza CUE, halafu wanatafuta utambuzi wakati tayari wameshapata barua ya kazi na wamepewa siku kumi na nne.

#10 Bahari ya Muscat

Kwa wanaofikiria Ghuba: huku swali la njia ya masomo linaulizwa waziwazi unapoomba ulinganifu wa shahada. Wanataka kujua ulisoma kwa njia gani na ulikuwa unaishi wapi. Mwombe msajili wa chuo barua inayoeleza njia ya kusoma, tarehe ya kuanza na kumaliza, na kwamba mitihani ilifanyika chini ya usimamizi kwenye kituo. Ichukueni mkiwa bado nyumbani. Cheti chenyewe kinapitia Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi, na kufuatilia muhuri ukiwa huku kunachukua muda na fedha. Msitegemee maneno ya wakala wa ajira kwamba shahada yoyote inapita.

#11 Nyota ya Asubuhi

Sheria, uhandisi, uhasibu kwa masafa hapa kwetu, mnasemaje?

#12 Meza ya Usaili

Kila moja ina mlinzi wake wa mlango.

Uhasibu na ununuzi ndiko masafa yanakolipa zaidi, kwa maoni yangu. Mtihani wa CPA wa NBAA, bodi ya wahasibu, ni mmoja kwa wote, na wa PSPTB, bodi ya ununuzi na ugavi, vivyo hivyo. Ukiwa na shahada ya masafa na CPA mkononi, mjadala wa ulisoma wapi unaisha, kwa sababu umepimwa kwenye karatasi moja na kila mtu. Ningemshauri mtu aanze kujisajili bodi mara tu akimaliza, maarifa yakiwa bado ya moto.

Sheria inasomeka. LLB, yaani shahada ya sheria, ya Huria inakupeleka Shule ya Sheria kwa Vitendo kama LLB nyingine yoyote ya hapa nchini, na huko ndiko kwenye chujio lenyewe. Mnakumbuka matokeo ya 2022, wanafunzi 26 tu kati ya 633 walifaulu moja kwa moja, hadi kamati ikaundwa. Waliokwama walitoka vyuo mbalimbali. Wa masafa ajiandae zaidi kwenye kuandaa nyaraka za mahakama na kusimama kujenga hoja, kwa sababu hivyo viwili havijengeki kwa kusoma moduli peke yako. Hudhuria mahakama ya wazi, kaa nyuma, andika.

Uhandisi, acha. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inataka shahada ya uhandisi inayoitambua, na fani hiyo ina maabara na karakana ambazo huwezi kuzifanyia chumbani kwako. Sayansi za kawaida zinawezekana pale ambapo chuo kimepanga vipindi vya maabara. Uliza vitafanyika wapi, mwezi gani, wiki ngapi, na nauli na malazi uyaweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

#13 Chaki na Ubao

Ikama, swali la mwisho. Majina yakitofautiana? Kidato cha nne mawili, stashahada matatu, kitambulisho cha taifa cha NIDA yamegeuzwa mpangilio.

#14 Ikama

Shughulikia kabla ya kuhitimu. Shahada ikishachapwa kwa jina fulani, kuibadili ni safari ndefu.

Weka vyeti vyote mezani pamoja na kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa, andika jina lililopo kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi. Mohamed na Mohammed ni watu wawili kwa mfumo. Jina la kidato cha nne ndilo chuo kinalolifuata, kwa hiyo hilo ndilo la kusimamia. Yaliyobaki yaunganishwe kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Kama umebadili jina kabisa, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Peleka nakala kwa msajili wa chuo, kwa mwajiri, na uiambatishe kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi serikalini.

Na mtakapoomba kazi serikalini wekeni vyeti vyenyewe. Matokeo ya muda na zile hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazipokelewi, na watu wenye sifa zote wanaondolewa kila tangazo kwa sababu hiyo tu.